Kordi Ipi kwa Tuni Ipi? Hoja Kutoka Sigi

Wanafunzi wenzangu wa fasihi, tukiletewa wimbo darasani huwa tunaletewa maneno matupu. Yameshapigwa chapa, yamepangwa mistari, juu yake pameandikwa "wimbo wa kutwanga" au "bembelezi", na chini yake pana maswali. Basi tunahesabu mizani, tunasaka vina, tunaainisha tamathali za semi, tunamalizia na dhamira, na mtihani tunafaulu. Tuni imebaki kulekule ulikotoka wimbo, kinywani mwa mtu. Ni nadra kusikia swali kama mstari wa mwisho ulishia juu au chini, au kama mwimbaji alipofika pale alikuwa ametua au bado ananing'inia.

Makala hii inakusudia kueleza kazi moja ambayo mpiga kinanda wa kwaya na mpiga gitaa la ridhimu huifanya kila siku, mara nyingi bila hata kuipa jina: kutafuta kordi zinazoiafiki tuni ya wimbo. Nitaieleza inavyofanyika, kisha nitadai kwamba kazi hiyo ni uhakiki kamili, sawa na huu wetu wa vitabuni, na kwamba ikifanywa kwa pupa inaweza kuugeuza wimbo ukasema jambo ambalo mwenyewe hakulisema. Mfano wangu mkuu unatoka kwetu Sigi. Kwa asiyepajua, Sigi iko Usambara ya mashariki, wilayani Muheza, chini ya Amani. Wengi wakisikia Usambara wanawaza Lushoto peke yake, kumbe milima ile ni miwili. Ndipo ilipoishia reli ndogo ya Wajerumani iliyojengwa kati ya 1904 na 1910 kutoka Tengeni, kwa ajili ya mbao.

Kwanza neno lenyewe. Wapiga magitaa wetu husema "kodi". Mimi nitaandika kordi, msomaji asije akadhani nazungumzia TRA. Kordi ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja na kusikika kama kitu kimoja. Wanakwaya wa Tanzania wengi wanazijua sauti hizo kwa majina ya solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti, ambazo huandikwa kwa herufi d r m f s l t. Mfumo huo wa herufi ulitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover, akaueneza John Curwen, na wamisionari wakautawanya Afrika nzima kwa sababu hauhitaji karatasi ya mistari mitano. Mtu mwenye chaki na ubao anafundisha kwaya.

Chukua sauti moja, iruke inayofuata, chukua nyingine, ruka, chukua ya tatu: umepata kordi. Ukianzia do unapata d m s. Ukianzia fa unapata f l d. Ukianzia so unapata s t r. Hizi tatu ndizo baba, mama na mtoto wa muziki wa dansi na wa kwaya, maana ukizijumlisha zimezibeba sauti zote saba. Hakuna noti ya tuni itakayokosa kwa kukaa. Kwa hiyo utasikia kijana akijigamba kwamba kordi tatu zinatosha kupigia wimbo wowote duniani. Kwa hesabu, hakukosea. Lakini hesabu ndiyo inayoanzia matatizo.

Hebu tufanye mfano. Sitaki kumchukulia mtu wimbo wake, kwa hiyo nimetunga mistari miwili mwenyewe, mizani nane nane. Maji ya mto Sigi ndiyo yanayonyweka Tanga mjini, yakipitia bwawa la Mabayani, na watu wa juu huku nao wana ya kusema:

Maji ya Sigi yashuka
(s s l s m m r r)

Nasi kiu yatushika
(m m s m r r m d)

Silabi moja noti moja, hakuna ujanja. Sasa tuipatie kordi.

Anayeanza kujifunza hufanya hivi: anatazama kila noti na kuiuliza iko wapi. Hii so, naipa kordi ya do. So nyingine, haya, do tena. Hii la, mbona kwenye kordi ya do haimo? Basi naipa fa. So, narudi do. Mpaka afike mwisho ameshabadilisha mkono mara sita, wimbo unatembea kama mtu mwenye mwiba mguuni. Noti zote zimekaa mahali pake, na bado sikio linakataa. Kwa nini?

Tazama ile la imeangukia wapi: kwenye neno "ya". Neno hilo katika mstari huu ni kiunganishi tu, halina mkazo. Uzito uko kwenye "ma" ya maji na "si" ya Sigi, na zote mbili ni so. Ile la katikati ni mtu anayeinua mguu kuvuka kijito. Anaondoka so anarudi so. Ukiipa kordi yake mwenyewe umesimamisha wimbo mzima ili kulisisitiza neno "ya". Hakuna mshairi mwenye akili timamu anayetaka hivyo. Kwa hiyo kordi ya do inabaki palepale toka "maji" hadi "ya" ya yashuka, na la inapita juu yake kama mgeni asiyelala. Sikio halilalamiki hata kidogo.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kwamba kordi hutafutiwa mapigo mazito na maneno mazito, siyo kila noti. Na kwa Kiswahili tuna bahati, maana mkazo wetu unajulikana: silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu anayejua lugha anajua nusu ya kazi kabla hajagusa kinanda. (Hapa wenzetu wa muziki wangefaidika kuja kwenye masomo yetu ya fonolojia, na sisi kwenda kwao, lakini ratiba hairuhusu.)

Mwisho wa mstari wa kwanza tunafika re, mara mbili, "shuka". Re iko katika kordi ya so (s t r), na iko pia katika kordi ya re (r f l). Kuna ya tatu, ile ya ti, nayo haitumiki sana. Kordi ya so ina tabia moja: inavuta. Ukiipiga, sikio linaanza kuidai do, kama mtu aliyesikia "hodi" akingoja "karibu". Kordi ya re haidai kwa nguvu hivyo. Hapa mimi nitachagua so, kwa kuwa mstari wa kwanza ni nusu ya sentensi, maji yanashuka na kuna jambo linakuja. Mstari wa pili ukiingia kwa mi, kordi ya do inaupokea. Ile re mbili za "yatu" zinakwenda so tena. Halafu "shika", mi kisha do.

Sasa twende kwenye noti ile ya mwisho, kwa sababu ndipo makala yangu ilipo. Do iko katika kordi ngapi? Iko katika kordi ya do (d m s), katika kordi ya fa (f l d), na katika kordi ya la (l d m). Zote tatu ni sahihi kwa hesabu. Piga ya do: kiu imetushika, ndivyo ilivyo, tumezoea, kesho tunaamka. Piga ya fa: sentensi haijaisha, mwimbaji ana ubeti mwingine, labda ana na jina la mtu wa kulaumiwa. Piga ya la, ile wanayoiita ya huzuni: ghafla mstari uliokuwa wa malalamiko ya kawaida umekuwa kilio. Maneno ni yaleyale, mizani nane zilezile, kina kilekile cha "ka", tuni haikubadilika hata noti moja. Kilichobadilika ni tafsiri. Aliyeitoa hakuwa mtunzi wala mwimbaji, alikuwa mpiga kinanda. Huyu ni mhakiki kama wewe na mimi, tofauti ni kwamba uhakiki wake unasikika wakati mmoja na kazi yenyewe, na msikilizaji hawezi kuutenganisha.

Washairi wetu wa mapokeo walilijua jambo hili kwa njia yao. Kaluta Amri Abedi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* ya 1954 alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Katika mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru, baada ya *Kichomi* cha Kezilahabi (1974), hoja hiyo ilitumika kama rungu la kuwapigia vijana wasiofuata vina. Naona tuliipoteza faida yake. Tulibishana kama shairi linaimbika, tukasahau kuuliza linaimbwa namna gani, na tunaposema "kituo" cha shairi, sauti inatua wapi hasa.

Turudi kwenye tuni yangu ndogo. Msomaji makini ameshaona kwamba haina fa wala ti. Ina d r m s l tu, sauti tano. Nyimbo nyingi za kwetu Afrika Mashariki ziko hivyo. Sasa angalia kilichotokea nilipoipa kordi ya so: nimeingiza ti, sauti ambayo wimbo wenyewe hauna popote. Na ti ndiyo inayovuta. Ndiyo inayolifanya sikio lidai do. Maana yake ile haja ya kufika nyumbani sikuikuta ndani ya wimbo, nimeileta mimi mfukoni. Kwa tuni yangu haina madhara, kwa kuwa yenyewe inaishia do, tumeelekea kulekule. Lakini je, kama wimbo hautaki kufika do?

Ndipo nilipokutana na kisa cha Sigi. Jirani yetu mmoja, mama mzee ambaye mimi na vijana wote wa pale tunamwita bibi, ana wimbo wa Kisambaa aliokuwa akiimba akiwa msichana. Mwanamke anaiuliza njia habari za mtu aliyeteremka kwenda kufanya kazi kwenye mkonge na hakurudi. Mistari minne mifupi, yeye anatoa, wengine wanaitikia. Sauti ni tanozile d r m s l, na kila mstari unaishia re. Wa mwisho vilevile: re, ndefu, halafu kimya.

Kwaya moja ya vijana ikaupenda, ikataka kuurekodi. Walikuwa na kinanda cha umeme, cha aina ile ambayo ukibonyeza kidole kimoja kinakupa kordi nzima pamoja na ngoma. Mpigaji alikuwa hodari, simdharau. Alitafuta nyumbani, akasema ni do. Akaweka kordi ya do mwanzo, ya fa penye la, na ya so penye re mwisho wa kila mstari. Kwenye mistari mitatu ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kwenye wa nne kordi ya so ikabaki inaning'inia, kila mtu chumbani anangoja, na mpigaji akaona aibu kuacha hivyo. Akawaambia waitikiaji washuke: re, halafu do. Noti moja tu imeongezwa. Wimbo ukafunga vizuri kabisa, kama mlango mpya.

Bibi akaletewa asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wajukuu zangu, mmeimba vizuri. Lakini hapo mwisho mmemrudisha. Mbona mimi sikumwona?"

Sijasoma sentensi ya uhakiki iliyonishinda hii. Wimbo wake ni swali. Unaishia re kwa sababu njia haikumjibu. Vijana wamempa jibu, tena kwa noti moja, na jibu lenyewe halikutoka kwa yeyote aliyekuwemo ndani ya habari ile, limetoka kwenye kordi ya so na ti yake. Tuni imelazimishwa kuifuata kordi, ilhali kazi ilikuwa kordi iifuate tuni. Na ukumbuke kwamba kanda ile ndiyo itakayosikilizwa. Baada ya miaka ishirini mwanafunzi atakuja Sigi kukusanya fasihi simulizi, ataimbiwa wimbo unaoishia do, ataandika kwamba dhamira ni matumaini.

Tusimlaumu mpigaji kupita kiasi. Sikio lake lina historia. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, wakaleta nyimbo za Kijerumani za sauti nne, zile ambazo karibu kila pigo lina kordi yake na kila mstari unafunga kwa so kwenda do. Vizazi vya Wasambaa vimelelewa ndani ya mlango huo. Si jambo baya. Mimi mwenyewe nazipenda. Wala si kwamba kordi ni za Wazungu na tuni ni zetu, yaani hadithi rahisi hivyo. *Mungu ibariki Afrika* inatokana na wimbo alioutunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti kule Johannesburg, mwaka 1897, na ulizaliwa ukiwa na sauti zake nne. Tuni ile inakwenda inakotakiwa na kordi kwa sababu walizaliwa pacha. Ukiiondolea sauti za chini unaidhulumu. Wimbo wa bibi ulizaliwa peke yake, na hilo ndilo la kuuliza mwanzo kabisa kabla hujagusa kinanda: je, tuni hii ilikuja na wenzake au ilikuja peke yake?

Tena Kisambaa kina jambo lake. Ni lugha ya toni (usichanganye na tuni), kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili ndicho kilichoacha toni kikabaki na mkazo. Katika lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Sauti nne za Kizungu hupenda ziende kinyume: soprano ikishuka, besi ipande, ndiyo uzuri wake. Ukiweka maneno ya Kisambaa humo, mwimbaji wa besi analazimika kupandisha silabi ambayo lugha inaishusha. Soprano anasema neno, besi anasema kitu kingine kinachofanana nalo. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika watu wakiachiwa waitikie wenyewe huwa wanakwenda sambamba, wote juu, wote chini. Tumezoea kuwacheka kwamba hawajafundishwa. Wanalinda maneno.

Na kwenda sambamba kuna kanuni yake, si kubahatisha. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, aliichunguza kwa Wagogo na kwingineko: mwimbaji wa pili anachukua sauti ya ngazi ya wimbo wenyewe, kwa kuruka moja. Tujaribu kwa sauti zetu tano, tukishuka. Wa kwanza yuko do ya juu. Anayeitikia anairuka la, anachukua so. Yuko la, anaruka so, anachukua mi. Yuko so, anachukua re. Yuko mi, anachukua do. Yuko re, anaruka do, anachukua la ya chini. Umeona? Hakuna fa wala ti iliyoingia. Kordi zote zimetengenezwa kwa mali ya wimbo wenyewe, hakuna aliyekopa. (Kwa Wagogo wenyewe mambo yanazidi hapo, maana ngazi yao ina sauti moja, ya saba kwa mfuatano wa asili, iliyo chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Waliowahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose wa Bagamoyo wanaijua hata kama hawana jina lake. Kinanda hakina kitufe cha sauti hiyo. Mpigaji hana la kufanya ila kuinyamazia.)

Ukishuka na maji ya Sigi hadi Tanga mjini unakuta tatizo hilohilo limevaa kanzu. Taarabu ya Unguja ya mtindo wa Kimisri, kama ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa 1905, inafuata maqamu za Kiarabu, na baadhi ya maqamu hizo, rast mathalani, zina sauti inayokaa katikati ya mi na ile ya chini yake. Uweke kordi gani hapo? Kordi ya furaha inaikosa, ya huzuni inaikosa. Kwa hiyo udi, kanuni na fidla wote hupiga tuni ileile, kila mmoja na madoido yake, na kordi hawazihitaji. Black Star Musical Club ya Tanga ilipoingiza magitaa na besi katika taarabu, ililazimika kuchagua upande: tuni zikakaa kwenye sauti ambazo gitaa linazo. Huo nao ni uamuzi wa kifani wenye matokeo ya kimaudhui, na sijui kwa nini tasnifu zetu juu ya taarabu husimama kwenye mafumbo ya maneno tu.

Basi re ya bibi tuipe kordi gani? Zipo njia nne ninazoziona. Kordi ya so tumeshaiona, inamrudisha mtu aliyepotea. Kordi ya re, yaani r f l, haivuti kwenda do, ni afadhali. Ila inaleta fa ambayo wimbo hauna, na fa ile ndiyo inayoupaka wimbo huzuni ya kinanda, huzuni ya filamu, wakati bibi akiimba uso wake ni mkavu. Tena kile kinanda cha kidole kimoja ukibonyeza re hakikupi hata hiyo, kinakupa fa iliyopandishwa, kordi ya furaha, uwendawazimu mtupu. Njia ya tatu ni kunyamaza: ala zote ziache, sauti ibaki peke yake. Ni nzuri, lakini kwenye kurekodi vijana wanadhani umeme umekatika.

Ya nne alinionyesha mmoja wa mama wanaomwitikia bibi, bila kujua kwamba ananionyesha. Bibi alipokuwa ameshika re yake ya mwisho, huyu mama akakaa la ya chini. Ndiyo kanuni ya kuruka ileile. R na l, basi, hakuna ya katikati. Haina furaha wala huzuni kwa sababu sauti inayoamua furaha na huzuni haipo. Haivuti kwenda popote. Inakaa wazi, na unaweza kukaa nayo muda wote unaotaka. Kwa mwenye gitaa ni rahisi mno: ukifanya do yako kuwa C, re ni D na la ni A, na hizo ni nyuzi ya nne na ya tano zisizobanwa. Hata kidole huhitaji. Kwa mwenye kinanda, shika kordi ya re kisha inua kidole cha kati.

Nilimpigia bibi kwa gitaa namna hiyo. Aliimba mara mbili, mara ya pili akaongeza ubeti ambao hakuwa ameuimba siku ya vijana. Hakunisifu. Aliuliza tu kama gitaa langu lina nyuzi pungufu.

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo. Tukitumwa kukusanya nyimbo likizoni, turuhusiwe, hata tulazimishwe, kuandika herufi za solfa chini ya kila mstari, walau noti ya mwisho ya kila mstari. Herufi moja. Haihitaji chombo wala fedha, na mwanafunzi yeyote aliyepita kwaya au skauti anaweza. Padri Stephen Mbunga alikuwa ameshaandika juu ya muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa mwaka 1963, na mwaka 1966 Mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika *Mfurahini, Haleluya* juu ya tuni ya Kihaya, wimbo ambao sasa unaimbwa makanisa ya nchi nyingi. Watu wa makanisa wamelifikiria suala hili la tuni kwa muda mrefu kuliko sisi wa fasihi.

Kuhusu wimbo wa bibi, ubeti ule wa nyongeza bado unanishughulisha. Mstari wake wa tatu una so ndefu, mapigo manne, kwenye neno la Kisambaa lenye maana ya "chini kule". Kanuni ya kuruka inanipa re chini yake. Mama yule, kwa kumbukumbu yangu, alikaa do. Nimeandika zote mbili daftarini, moja kwa wino mweusi na nyingine kwa penseli, hadi nitakapomsikia tena.